Nyota Mahali pa Farasi

Watu wa mtaa wa Chemchem walimcheka Sikuzani, na kwa kweli waliona sababu ya kucheka. Mwanamke mzima, fundi wa kofia ambaye Tabora nzima iliujua mkono wake, badala ya kukusanya sahani na birika za kabatini kama wenzake, alikusanya beji za kofia za Wazungu. Wala si zile za shaba zinazong'aa. Hizo ukimpa alikurudishia. Alitaka zile za kudariziwa tu, za uzi wa fedha na wa dhahabu, ambazo maofisa wa Kiingereza huzishona mbele ya bereti zao. Alizibana kwa pini kwenye kipande cha kitambaa cha marekani ukutani, pale ambapo nyumba ya mtu mwenye akili zake ingekuwa na picha ya msikiti.

"Huyu anangojea kufanywa jenerali," wanawake walisema bombani, na Sikuzani alijaza ndoo yake akaenda zake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Angewaeleza nini?

Kisa chenyewe kilikuwa cha mdogo wake, Mabruki. Mabruki naye alikuwa fundi wa kofia, tena mwenye mkono mwepesi kuliko dada yake, ingawa hilo Sikuzani hakulikubali mbele za watu. Wakati wa vita vya Hitla aliingia jeshini, akapelekwa Burma. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na makoti mazito na hadithi nzito zaidi, yeye hakurudi. Serikali ilileta habari kwamba haonekani. Haikusema amekufa, ilisema haonekani, na neno hilo likaingia nyumbani kwao likakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Mama yao, Bi Mwanahawa, alikataa kuweka matanga.

"Khitma hasomewi mtu aliye hai," alisema. "Na kama amekufa, nataka niambiwe nani alimzika na nani alimswalia. Mwanangu si ganda la muhogo, la kutupwa tu."

Majirani walimbembeleza, shehe akambembeleza, akabaki palepale. Kila Idi alimshonea Mabruki kofia mpya na kuiweka sandukuni. Mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili, kazi hiyo alimwachia Sikuzani, na Sikuzani alishona, moyo ukimwuma kila mchomo, maana yeye alikwisha kukata tamaa zamani. Alichotaka ni kimoja tu: ajue, ili mama yake naye apumzike kabla hajaitwa.

Mtu wa mwisho kumwona Mabruki alikuwa Wenceslaus, Mnyamwezi Mkatoliki wa upande wa Urambo, aliyekuwa naye kikosi kimoja. Alikuja mwenyewe baada ya vita, akavua kofia mlangoni, akaeleza bila kuficha. Penye mto mmoja mkubwa Mabruki alipigwa mguuni. Likapita gari la Wazungu wa vifaru, wakampakia nyuma pamoja na majeruhi wao, likaondoka. Wenceslaus hakujua kikosi chao wala walikokwenda. Alikumbuka kitu kimoja. Afisa aliyekaa mbele alivaa bereti nyeusi yenye beji ya kudariziwa, na katikati ya beji palikuwa na kichwa cha farasi.

"Farasi, dada Sikuzani," alisema. "Hilo nakula kiapo."

Basi Sikuzani akawa mtu wa kutafuta farasi.

Angemtafutia wapi hapa Tabora? Hapo ndipo Mungu alipoleta karanga. Mwaka ule Wazungu walijaa Urambo na mitambo yao, wakang'oa pori ili walime karanga, na wengi wao walikuwa wanajeshi waliotoka vitani juzijuzi. Vita walikuwa wameviacha, lakini bereti hawakuziacha. Walizivaa juu ya matrekta kwa sababu ya jua na vumbi. Vumbi la Urambo halina heshima kwa uzi wa fedha. Beji zikaanza kufumuka moja baada ya nyingine, na Wenceslaus, aliyekuwa sasa dereva wa trekta hukohuko, akawaambia mabwana zake kwamba Tabora yuko fundi.

Sikuzani alizishona. Malipo yake yalikuwa beji nyingine kuukuu, kama bwana anayo, pamoja na majibu ya maswali: hiki ni kikosi gani, na kilipigana wapi? Wenceslaus aliuliza huko, akaleta majibu huku. Ndivyo Sikuzani alivyojifunza, polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. Alijua kwamba taji halikwambii kitu, maana karibu wote wana taji. Kinubi ni cha Waailandi. Mbawa na mwavuli ni za wale wanaoruka kutoka kwenye ndege, Mungu awasamehe. Kitambaa cheusi kinachobaki pembeni mara nyingi ni cha watu wa vifaru. Farasi aliwapata pia, tena si haba: yuko aliyekimbia, yuko aliyepandwa na mtu mwenye mkuki. Lakini kila alipouliza, farasi huyu alipigana jangwani, yule Ujerumani. Wa Burma hakuna. Alishukuru, akambana farasi ukutani upande wa kushoto pamoja na wengine wasiokuwa na habari, akangoja mwingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hasa.

Siku moja baada ya swala ya adhuhuri Wenceslaus alipiga hodi. Alimwamkia kwanza Bi Mwanahawa, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua mchele kwa vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Trekta halijakumeza bado?"

"Bado, mama. Linanitafuna tu."

Kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichokunjwa, ndani yake beji. Ilikuwa ya bwana mmoja aliyefika Urambo mwezi uliopita, ambaye vibarua walimwita Bwana Glavu, kwa kuwa alivaa glavu za ngozi asubuhi hadi jioni, hata jua likiwa la kupasua kichwa.

"Amesema ushone taji tu, linaning'inia," alisema Wenceslaus. "Pengine pote usiguse. Akanishika bega, akarudia, usiguse. Nikamwuliza ni kikosi gani, akasema atanieleza siku nyingine. Ni mtu wa maneno machache."

Sikuzani aliitazama akakunja uso. Kitambaa kilikuwa cheusi. Taji lilikuwapo, na chini yake shada la majani la uzi wa fedha, kazi safi. Lakini katikati, pale ambapo hukaa mnyama au silaha, palikuwa na nyota ya pembe nane ya uzi mweupe, uzi wa kawaida tu, usiong'aa hata chembe. Nyota kama hiyo iko juu ya nusu ya kofia zote za Tabora. Akaenda nayo ukutani, akailinganisha na beji zote. Hakuna kikosi cha namna hiyo.

"Hii imetiwa kiraka," alisema Sikuzani, Wenceslaus alipokwisha kuondoka. "Kuna fundi ameiharibu."

"Wewe umeambiwa ushone nini?" aliuliza mama yake kutoka mkekani.

"Taji."

"Basi shona taji."

Alishona taji. Na hapo mtu mwingine angekata uzi, akaenda kuinjika ugali. Lakini Sikuzani alikuwa fundi, na fundi akiona kazi mbovu ya mwenzake haoni raha, kama mtu mwenye punje ya mchanga jichoni. Kiraka kile kilimkera. Chini yake lazima pana alama za kazi ya kwanza, alijisemea. Akiifumua nyota atajua kilichokuwapo, na bwana mwenyewe akirudishiwa beji ilivyokuwa atamshukuru. Akachukua sindano na kiwembe. Akafumua pembe moja, akafumua ya pili.

Chini ya pembe ya pili kitambaa kilikuwa kimeungua, kikavu, rangi ya kahawia. Na pembeni mwa mahali palipoungua palibaki nyuzi chache za dhahabu zilizoponea moto. Zilichora kitu kidogo kilichosimama, chenye ncha. Sikuzani aliisogeza beji mlangoni kwenye mwanga. Lilikuwa sikio la farasi.

Aliigeuza beji nyuma atafute fundo la ile nyota, ajue uzi ulianzia wapi, akatafuta asilione. Hapakuwa na fundo. Mafundi wote wa mji hufunga uzi kwa fundo, wengine moja, waoga matatu. Nyumba moja tu haifungi. Bibi yao, aliyekuja kwa miguu kutoka pwani na msafara wa pembe za ndovu akiwa msichana, aliwafundisha kulaza uzi: unaupasua mara mbili, nusu unaipitisha chini ya mishono kwenda kulia, nusu kushoto, mpaka unapotea. Fundo humwumiza mtu kichwani akisujudu, alisema bibi. Na uzi wa nyota ile ulikuwa umelazwa kulia na kushoto.

Hakulia mara moja. Alikwenda akapiga magoti mkekani, akaiweka beji kwenye kiganja cha mama yake, upande wa nyuma ukiwa juu.

Bi Mwanahawa hakuwa amegusa hata moja ya beji zile. Aliziita uchafu wa vita. Hii aliishika kwa adabu ya kumridhisha mtoto, vidole vikapita juu yake kama vilivyokuwa vikipita juu ya mchele. Vikasimama. Vikarudi.

"Uzi huu umelazwa na mkono wa nyumbani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Si wewe. Wewe unavuta uzi mno."

"Si mimi."

Mama akaigeuza, akaipapasa nyota. "Zimepungua pembe mbili."

"Nimezifumua mimi, mama. Sikujua." Hapo ndipo machozi yalipomtoka Sikuzani. "Palikuwa na farasi, ameungua. Nimetafuta farasi miaka yote hii, kumbe Mabruki mwenyewe ndiye aliyemfunika."

"Ungetaka ashone farasi?" Mama aliuliza kwa utulivu, kama anayemkumbusha mtoto jambo la juzi. "Bibi yenu aliwaambia nini? Kofia huingia msikitini, usishone chenye roho. Mabruki hajapata kushona hata kipepeo." Akaikunja ngumi juu ya beji. "Rudisha pembe zake. Kisha twende kwa huyo bwana."

Sikuzani aliokota zile nyuzi zilezile alizozifumua, akazinyoosha kwa mate na kidole, akazirudisha katika matundu yaleyale. Haikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, maana macho yalikuwa yamejaa maji. Kesho yake walipanda treni ya Kigoma, mama na binti, kuufuata upande uleule ambao misafara iliufuata zamani kwenda Ujiji. Bi Mwanahawa alivaa kanga yake ya Idi. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikienda, na Sikuzani alijua anaomba. Anaomba nini hakujua. Hata yeye mwenyewe hakujua aombe nini: kwamba yu hai, au kwamba kuna mtu atakayesema neno moja lililokamilika.

Wenceslaus aliwapokea stesheni, akawafikisha kwenye kibanda kando ya yadi ya matrekta. Bwana Glavu alikuwa mrefu, mwembamba, nywele rangi ya majani makavu. Alipomwona mama kipofu alisimama, akaleta viti mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile cha Wazungu wa jeshi, ambacho ukikisikia unataka kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Sikuzani alimpa beji. "Bwana, aliyeshona nyota hii ni mdogo wangu. Huyu ni mama yake."

Bwana Glavu aliitazama beji, akamtazama mama, akakaa chini polepole. Kisha akavua glavu. Mikono yake ilikuwa imeungua vibaya siku nyingi. Ngozi ilikuwa imejikunja, vidole viwili vimeshikana.

"Mama ya Fundi," alisema. "Mimi hapana jua jina yake. Yeye naita mimi Bwana, mimi naita yeye Fundi. Kibati ya jina yake napotea kwa mto. Askari nakuja toka nchi mingi, mimi hapana jua yake ni gani."

"Anaitwa Mabruki," alisema Bi Mwanahawa.

"Mabruki," alirudia yule bwana, akalisema tena kimoyomoyo.

Akaeleza. Kifaru chake kilishika moto, yeye akatolewa mikono ikiwa imeiva. Wakamlaza nyuma ya gari, na penye mto wakapakia askari Mwafrika aliyepigwa mguuni, akalazwa ubavuni pake. Hospitali ya hema ilikuwa na watu wengi kuliko vitanda, wakawekwa wawili hao pamoja chini. "Mimi hapana weza shika kikombe. Fundi nashika. Nanywesha mimi maji, nalisha mimi wali. Mguu yake naoza, lakini kila siku nauliza, Bwana, maji?" Beji yake ilikuwa imeungua katikati, na siku hizo, alisema, alikuwa kijana mjinga aliyelilia beji kuliko mikono. Fundi akaomba sindano kwa daktari, akachomoa uzi kwenye kitambaa cha mwavuli ulioshusha chakula kutoka kwenye ndege. "Mimi nasema, Fundi, shona farasi. Yeye nacheka, nasema, farasi hapana. Nashona nyota." Baadaye wakubwa wake walimwambia aitoe, si beji ya kikosi. "Mimi nasema, hapana toa. Nalipa adhabu, hapana toa."

Bi Mwanahawa alisikiliza yote hayo bila kutikisika.

"Akafa," alisema.

"Ndiyo, mama. Homa ya mguu. Asubuhi."

Nje trekta moja lilikuwa likiunguruma, Wenceslaus akatoka akalizima.

"Nani alimzika?"

"Wahindi ya hospitali, ile nabeba wagonjwa. Mimi naomba wao nibebe mimi pia, nione. Naosha yeye, nafunga kwa shuka nyeupe. Halafu nasimama mstari, mmoja mbele." Bwana Glavu alikunja paji akikumbuka. "Mimi kila siku naona Wahindi ile nasali. Nainama, naweka uso chini. Nangoja nainama. Siku ile hapana inama. Nasimama tu, halafu nageuza kichwa, basi, nakwisha. Mimi nakasirika kidogo. Nasema moyoni, kwa nini Fundi napata sala fupi?"

Bi Mwanahawa aliinua uso.

"Hawakuinama?"

"Hapana, mama."

"Wala hawakusujudu?"

"Hapana. Samahani."

Mtu mwongo, anayetaka kumfariji mama, angewainamisha Wahindi wale mpaka chini. Huyu hakujua kwamba swala ya jeneza haina rukuu wala sijida, ni ya kusimama mwanzo hadi mwisho. Alisema alichokiona, tena akakiombea radhi. Sikuzani alimwona mama yake akishusha pumzi, pumzi ndefu, kana kwamba alikuwa ameishikilia tangu siku ile serikali ilipoleta neno lake.

"Alhamdulillahi," alisema mama. "Alhamdulillahi. Mwanangu ameoshwa, amevikwa sanda, ameswaliwa. Mungu awalipe wale Wahindi popote walipo, na wazazi wao." Akanyoosha mkono hewani, Bwana Glavu akaupokea, naye akaipapasa ile mikono iliyoungua, kidole kwa kidole. "Mikono hii ndiyo aliyoinywesha maji?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nawe asante, kwa kuwa hukuitoa nyota yake. Wema hauozi."

Bwana Glavu alisema kitu kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa, akageuka dirishani.

Khitma ilisomwa Chemchem Ijumaa iliyofuata. Nyumba ilijaa, uani pakajaa, na wale wanawake wa bombani walikuja mapema na sufuria zao wakapika bila kuulizwa. Mmoja wao alisimama mbele ya kile kitambaa cha marekani ukutani, akatazama beji zote kwa zamu, akamshika Sikuzani mkono. Zile kofia za Idi zilitolewa sandukuni zikagawiwa wasomaji. Bwana Glavu alikuja kwa treni pamoja na Wenceslaus. Walikaa mkekani karibu na mlango, Mkatoliki na Mzungu, wamenyamaza kama wanafunzi wageni, bereti ya bwana ikiwa gotini. Wakapewa pilau kama watu wote.

Wasomaji walipokwisha kuondoka, yule bwana alitoa kisu kidogo, akataka kuikata beji kutoka kwenye bereti ampe mama. Bi Mwanahawa alisikia kisu kikifunguka.

"Unafanya nini?"

"Hii ya mama. Mtoto ya mama nashona."

"Alikushonea wewe," alisema Bi Mwanahawa. "Zawadi ya maiti hairudishwi. Lete niishike tu."

Akaletewa bereti, akaiweka mapajani. Vidole vyake vikaizunguka ile nyota taratibu, pembe baada ya pembe, sita zikapita bila neno. Kwenye mbili za mwisho vikasita, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Sikuzani akumbuke.

"Hizi zako. Nimekwambia unavuta mno."

"Nitazifumua nizirudie, mama. Sasa hivi."

"Usiziguse," alisema mama yake, akiifunika nyota kwa kiganja. "Ziache hivyohivyo. Wanangu wako pamoja."

Kisha akaomba aongozwe kwenye kichwa cha yule bwana, akamvalisha bereti mwenyewe, akaiweka sawa kwa vidole, nyota mbele, kama alivyokuwa akimwekea sawa kofia Mabruki asubuhi za Idi kabla hajamwachia aende msikitini.